Doa la Dakika ya Tatu

Barua ya Subilaga Mwaipaja ilikuwa na mistari miwili tu, na kazi ya Dk. Atuganile Kasyupa asubuhi ile ya Alhamisi ilikuwa kumsomea.

"Saratani ya ini, sehemu ya nane, upana sentimita mbili na nusu. Uhakika: tisini na nane kwa mia. Mchwa: Ijumaa, saa tatu asubuhi."

Zamani daktari wa picha alikuwa msomaji kweli. Siku hizi picha zote za nchi zilisomwa na Mpambanuzi, akili ya mashine, na majibu yalikuwa tayari kabla mgonjwa hajamaliza kuvaa viatu. Katika Hospitali ya Lwifwa, chini ya mlima Rungwe, Atuganile ndiye pekee aliyebaki na cheti cha kusoma picha, na huu ulikuwa mwaka wa nane akikitumia kusomea watu barua. Hakuwa na kinyongo. Aliikumbuka enzi ya nyuma, watu walipokuwa wakifika tumbo limejaa maji na kurudishwa nyumbani wakafie huko. Mpambanuzi aliliona doa likiwa dogo kama punje ya mahindi. Mchwa wakalila.

Mchwa ni jina la mtaani. Vilikuwa vijimashine vidogo kuliko chembe ya damu, vikioteshwa maabara kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, kisha akadungwa navyo. Vilikula doa na nyama ya ini iliyolizunguka, na vikishaingia mwilini hakuna aliyeweza kuvisimamisha. Vilizima vyenyewe siku ya nne, theluthi ya ini ikiwa imekwisha kuliwa. Mwenye ini zima alistahimili, kwa kuwa ini huota tena. Wenye ini lenye makovu, mmoja kati ya wanne hakuamka.

Subilaga alikuwa na makovu. Homa ya ini aina ya B ilimkaa tangu utotoni.

Atuganile hakulazimika kufungua picha. Alizifungua kwa sababu wagonjwa huuliza, "Liko wapi hasa?" na yeye hakupenda kuonyesha tumboni kwa kubahatisha.

Akaiangalia ya kwanza, ile iliyopigwa nusu dakika baada ya dawa ya kung'arisha kuingia mshipani. Doa liling'aa kama kaa la moto. Saratani ya ini hufanya hivyo, ni mlafi wa damu ya ateri. Akaiangalia ya tatu, iliyopigwa dakika ya tatu. Doa lilikuwa jeusi, na ini lililolizunguka jeupe. Hilo nalo ni la saratani, hunywa upesi na kutema upesi. Nusu dakika linang'aa, dakika ya tatu limefifia. Hata mwanafunzi wa mwaka wa nne angeandika alichoandika Mpambanuzi.

Ndipo akarudi kwenye ile ya katikati, ya dakika ya kwanza, ambayo wengi huiruka. Akaikuza. Akavuta kiti karibu.

"Ambokile," aliita. "Njoo uone hapa."

Ambokile Mwasumbi, mpiga picha wa zamu, aliingia na kikombe cha chai. Alikuwa mtu mzito wa maneno, na mashine ya MRI ya Lwifwa aliijua kama mtu anavyomjua ng'ombe wake.

"Jana ulimdunga dawa gani?"

"Mpya, Daktari. Ya zamani imebaki chupa tisa tu stoo. Tangu Februari wanatuletea hii mpya, ile inayonywewa na ini lenyewe."

Atuganile alirudi kwenye picha. Kisha akagusa kioo kwa kidole.

"Dakika ya kwanza doa limefifia?"

Ambokile aliinama. "Hapana. Linang'aa sawasawa na mishipa ya damu."

"Na dakika ya tatu?"

"Jeusi."

"Angalia tena. Usiangalie doa, angalia ini."

Ambokile alipeleka macho huku na huku kati ya picha mbili, mara ya kwanza, mara ya pili. Kikombe akakiweka chini. "Ini ndilo lililozidi weupe," alisema polepole. "Doa halijatema kitu. Ini limekunywa dawa, likaliacha nyuma."

"Ndivyo ninavyoona mimi. Hili huenda ni fundo la mishipa ya damu tu. Mtu anazaliwa nalo, anazeeka nalo, anazikwa nalo, halijamfanya lolote. Mpambanuzi alisomea dawa ya zamani. Kwa dawa ya zamani, kilichofifia kimefifia kweli."

"Huenda," alisema Ambokile.

"Huenda," alikiri Atuganile. Saratani halisi nayo ingeweza kuonekana hivyo hivyo dakika ya tatu. Tofauti yote ilikuwa kwenye picha moja ya katikati, na mgonjwa alikuwa amevuta pumzi vibaya ikatikisika kidogo. "Tukimpiga tena kwa dawa ya zamani tutajua. Likibaki linang'aa hadi dakika ya tano, ni damu tupu. Likififia, ni saratani."

"Mashine haitakubali, Daktari. Mwenye barua hapigwi tena. Mpaka utie kidole."

* * *

Miaka sita ilikuwa imepita bila daktari yeyote nchini kutia kidole.

Kutia kidole maana yake ni kumpinga Mpambanuzi. Unaweka kidole gumba kwenye kioo, unachagua neno moja kati ya mawili, "saratani" au "siyo saratani," na barua inafutika. Lakini Mpambanuzi hakuwa wa hospitali moja. Kila siku, saa kumi na mbili jioni, alikuwa na Darasa, na pingamizi lolote la siku ile lilikuwa somo. Kesho yake hospitali zote mia mbili na kumi zilisoma picha kama alivyofundishwa. Miaka sita nyuma daktari mmoja wa kanda ya ziwa alitia kidole kwa mgonjwa wake, "siyo saratani," akakosea. Kabla kosa halijagunduliwa, watu arobaini wenye saratani walikuwa wameambiwa warudi nyumbani kwa amani. Baada ya hapo ikatungwa sheria. Unaweza kuondoa kidole chako kabla ya Darasa, lakini cheti chako kinakwenda nacho, moja kwa moja.

Atuganile alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Aliikunja barua, akaenda chumba namba nne.

Subilaga alikuwa ameketi kitandani na buti za kazi miguuni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mikono yenye alama za moto, fundi wa mabomba katika kituo cha umeme wa mvuke kule Ngozi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama?"

"Nimelala. Nisomee tu. Nimeshamwambia mume wangu asinywe chai mpaka nimpigie, sasa asije akazimia kwa njaa."

Atuganile alimsomea mistari yote miwili. Kisha, badala ya kuinuka kama ilivyokuwa desturi, alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kumweleza kila kitu: doa, dawa mpya, dakika ya kwanza, dakika ya tatu. Akamweleza habari ya kidole na Darasa, na wale watu arobaini. Hakumficha kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

Subilaga alisikiliza huku akizichezea kamba za buti.

"Nikikataa mchwa?"

"Unatolewa kwenye orodha ya mchwa kwa miaka mitano. Kama ni saratani, miaka mitano huna."

"Na nikikubali na kumbe si saratani?"

"Ini lako lina makovu. Mmoja kati ya wanne haamki."

"Nina watoto watatu," alisema Subilaga, si kwa kulia, kama mtu anayepanga hesabu. Akaziacha kamba za buti. "Daktari, sisi kule kwenye visima vya mvuke tuna geji za kupimia. Geji ikisema moto umezidi na bomba likisema halijazidi, tunaogopa vyote viwili. Ukifunga koki bure, mji mzima unakosa umeme. Usipofunga, linapasuka na watu. Fundi mjinga anachagua kimoja cha kuamini. Sisi tunaweka geji ya pili ya aina nyingine, ndipo tunagusa koki."

"Geji ya pili ipo. Ila mlango wake unafunguliwa kwa kidole changu."

"Na ukikosea?"

"Naondoa kidole kabla ya saa kumi na mbili. Wewe kesho unapata mchwa wako kama ilivyopangwa. Hakuna anayeumia."

"Isipokuwa wewe."

"Mimi nitalima viazi," alisema Atuganile. Subilaga alicheka kidogo, na kicheko kile kikampa daktari nguvu kuliko chochote alichokisikia wiki nzima.

* * *

Alitia kidole saa saba na robo. Kioo kiliuliza mara tatu kama ana hakika. Mara zote tatu alibonyeza ndiyo, akijua anadanganya.

Saa kumi, wagonjwa wengine walipokwisha, Subilaga alilala ndani ya mashine. Ambokile alikuwa amemfundisha kwa nusu saa namna ya kushika pumzi. Alimfanya ajaribu hadi akachoka. Dawa ya zamani ikaingia mshipani. Nusu dakika: doa liling'aa. Dakika ya kwanza: liling'aa. Dakika ya tatu: Atuganile alikuwa amesimama, mikono imeshika ukingo wa meza.

Liling'aa. Ini lililolizunguka lilikuwa kijivu, na doa lilikuwa jeupe sawasawa na mshipa mkuu uliopita kando yake.

"Dakika ya tano," alisema Ambokile kwa sauti ndogo. "Bado, Daktari. Bado linang'aa."

Ambokile, mtu wa maneno machache, alimpigia makofi mgonjwa kupitia kipaza sauti bila kumwambia sababu. Atuganile akaketi. Machozi yalimtoka akayaacha.

Aliingia kumsaidia Subilaga kushuka. "Ni damu tu," alimwambia. "Fundo la damu. Nenda kampigie mumeo anywe chai."

Alirudi mezani kuambatisha picha mpya, na hapo ndipo furaha ilipomkatika.

Darasa halikusoma viambatisho. Lilichukua picha ile ile iliyopingwa na neno lililochaguliwa, basi. Jioni ile Mpambanuzi angepewa picha ya jana, ya dawa mpya, doa linang'aa nusu dakika na jeusi dakika ya tatu, na angeambiwa: hii siyo saratani. Kesho asubuhi, kila doa la namna hiyo nchini, na mengi kati yake ni saratani halisi, lingepata barua ya kwenda nyumbani. Yule daktari wa kanda ya ziwa alikosea mgonjwa wake. Yeye Atuganile alikuwa amepatia, na bado angeua.

Akiacha kidole, wengine wanapotea. Akikiondoa, barua ya Subilaga inarudi kama ilivyokuwa, tisini na nane kwa mia, na mashine haitapokea kidole kingine kutoka kwake.

Aliangalia saa ya ukutani. Saa kumi na dakika arobaini.

* * *

Mtu mmoja tu nchini aliweza kusimamisha Darasa, na hakuwahi kulisimamisha. Dk. Chilongani wa Baraza la Tafsiri, Dodoma, lililomsimamia Mpambanuzi, ndiye aliyeitunga sheria ya kidole baada ya wale arobaini. Alisoma udaktari darasa moja na Atuganile. Simu ilipokelewa saa kumi na moja na dakika tano.

"Atu," alisema. "Nimeliona jina lako kwenye orodha. Nimekaa hapa tangu saa saba nikiomba uondoe."

"Nimepatia, Chilongani. Nimekutumia picha zote mbili. Fungua."

Kwa robo saa Chilongani alizipitia picha moja moja, simu ikiwa wazi. Atuganile alisikia pumzi zake.

"Umepatia," alisema hatimaye. "Basi acha kidole. Hongera."

"Nikiacha, mtamfundisha nini?"

Atuganile hakungoja jibu.

"Mtamfundisha kwamba doa jeusi la dakika ya tatu ni salama. Kesho wangapi watarudishwa nyumbani? Lisimamishe leo. Siku moja. Mpaka ajue kuna dawa mbili."

"Dada, hujui unachoniomba. Nikilisimamisha kwa daktari mmoja, kesho watakuja mia, kila mmoja na mgonjwa wake na machozi yake. Mimi nilikwenda kwenye misiba ile. Nilikwenda ishirini na mitatu, nikaishiwa nguvu. Sheria ile niliiandika ili mkono wa mtu usiue tena."

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia uniamini." Atuganile alifunga macho. "Hesabu tu. Dawa mpya ililetwa hospitali ngapi?"

Vidole vikagonga upande wa pili. "Kumi na nne. Zote za nyanda za juu."

"Tangu Februari, barua za saratani ya ini katika hospitali hizo kumi na nne zimeongezeka au zimepungua?"

Vidole viligonga tena, mara hii kwa muda mrefu. Atuganile alihesabu matone ya mvua dirishani hadi akapoteza hesabu.

"Zimeongezeka," alisema Chilongani. Sauti ilikuwa imekauka. "Zimefika thelathini na moja, zaidi ya kawaida. Kwingine kote hazikuongezeka." Akakohoa. "Tuliandika ripoti, Atu. Tulisema Mpambanuzi amezidi kuwa hodari. Tulijipongeza."

"Wangapi wameshadungwa?"

"Kumi na mmoja. Ishirini wanangoja."

"Wako hai?"

"Kumi."

 Kisha Atuganile akasikia kiti kikisukumwa, hatua, mlango, na sauti ya Chilongani mbali na simu ikimwambia mtu, kwa ukali wa mtu anayeogopa, "Zima. Ndiyo, Darasa lote. Jina langu liandike." Aliporudi kwenye simu alikuwa akihema.

"Ni saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili," alisema. "Saa kumi na mbili hakuna Darasa. Wote ishirini wasiodungwa nitawaita wapigwe kwa dawa ya zamani. Mimi mwenyewe nitapiga simu."

"Chupa zimebaki nane hapa kwangu. Nizitume wapi?"

"Popote," alisema Chilongani. "Zitume popote, dada."

* * *

Kati ya wale ishirini, kumi na wawili walikuwa na mafundo ya damu tu. Wanane walikuwa na saratani kweli, wakapata mchwa wao wiki ile ile, na wote wanane waliamka. Darasa lilifungwa siku kumi na saba. Lilipofunguliwa, Mpambanuzi alikuwa akiuliza kwanza ni dawa gani iliyotumika, na kioo kilikuwa na neno la tatu la kuchagua: "apigwe tena."

Baraza lilitaka wale kumi waliodungwa na kubaki hai waelezwe kosa kwa barua. Atuganile alikataa. Mmoja wao alikuwa wa Lwifwa, Mzee Asajile Kabombwe, mkulima wa Kiwira; picha zake za Machi zilikuwa zimesomwa upya na watu watatu, na hakukuwa na ubishi. Jumamosi moja asubuhi Atuganile alikwenda kwake.

Alimkuta uani ameketi kwenye kigoda, koti limemzidi mwili. Mkewe alileta chai na ndizi za kuchoma. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua na za watoto, kisha Atuganile akasema alichojia. Alikisema chote, bila kujificha nyuma ya jina la mashine: kwamba barua ile ni yeye aliyemsomea, kwamba siku ile hakufungua picha, na kwamba alichokuwa nacho hakikuwa saratani.

Mzee aliweka kikombe chini. Mkono wake ulikwenda wenyewe ubavuni kulia.

"Miezi minne nimetapika," alisema. "Mke wangu amenibeba kwenda chooni kama mtoto. Leo unaniambia ilikuwa bure?"

"Ilikuwa bure, Baba. Na mwenzako mmoja wa Mbozi hakuamka. Sina neno la kuliziba hilo. Kuna shauri la fidia, nitakusaidia kulifuata mpaka mwisho. Lakini nisingeweza kukuacha usijue."

Mzee alikasirika. Aliinuka, akamgeuzia mgongo, akaenda hadi penye uzio wa shamba akasimama pale akiwa ameshika mti kwa mikono miwili. Mkewe alitaka kumfuata. Atuganile alimwomba amwache. Chai ikapoa. Nyuma ya uzio kulikuwa na shamba lililolimwa matuta mazuri, halafu likaachwa. Majani yalikuwa yamefika magotini.

Aliporudi uso wake ulikuwa bado mgumu.

"Yule aliyenidunga aliniambia inaweza kurudi. Kila miezi mitatu nije mniangalie kama imerudi."

"Haiwezi kurudi, Baba. Haikuwepo."

"Haikuwepo," alirudia Mzee Asajile. Aliligeuza neno mdomoni kama anayeonja chumvi. "Na hili ini lililobaki?"

"Linaota. Nimeliona kwenye picha ya mwisho. Mwakani litakuwa zima."

Mzee aliangalia shamba. Alikaa akiliangalia muda mrefu, midomo ikicheza kama anayehesabu.

"Kahawa inachukua miaka mitatu kuzaa," alisema. "Mwezi wa nne niliacha miche ikafia kwenye mifuko. Niliona, mtu wa kufa anapandia nani kahawa?"

Kisha akamgeukia mkewe, na sauti yake ilikuwa ya mwenye nyumba tena.

"Mama Tumpale, kesho nenda kwa Anyosisye kwenye kitalu. Uliza kama miche bado ipo. Mwambie nataka mia tatu."

"Mia tatu?" mkewe alisema. "Na mwili huo?"

"Mwili unaota, hukusikia? Daktari, kunywa chai, imepoa. Halafu unisaidie kupima mashimo. Nikiinama bado kizunguzungu kinanipata."

Atuganile alivua koti lake la kazi, akalitundika kwenye uzio, akashika ncha moja ya kamba ya kupimia.